Safari ya Nyota na Ianzie Feri

Kila mwaka shule zetu hushikwa na homa ya ziara. Barua hupelekwa kwa wazazi, pesa huchangwa, basi hukodishwa, na alfajiri moja watoto huondoka wakiimba. Jioni hurejea wamechoka, sare zimejaa vumbi, na ukiwauliza wamejifunza nini, watakusimulia habari za soda na viazi vya kukaanga. Safari imekwisha, pesa zimekwisha, na somo halijaanza.

Nimeyatanguliza haya kwa kuwa ipo ziara nyingine ambayo walimu wengi wa sayansi na jiografia wangependa kuwapeleka wanafunzi wao: ziara ya jumba la nyota, ambalo wataalamu huliita planetaria. Ni fikira njema, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini ikiwa tutaipanga kama tulivyozoea kupanga ziara nyingine, ni heri tusiende. Hoja yangu ni kwamba kwa mwanafunzi wa Mombasa, ziara ya jumba la nyota haianzii kwenye lango la jumba hilo. Huanzia Feri, majuma sita kabla ya siku yenyewe, na gharama yake ya kwanza ni daftari na kalamu.

Kwanza tuelewane jumba hili ni nini. Ni chumba chenye paa la kuba, ambamo watazamaji huketi au hulala chali gizani, na mtambo ukatupa mianga juu ya kuba hiyo hadi ikafanana na anga la usiku. Mtambo wa kwanza wa namna hii ulitengenezwa na kampuni ya Zeiss ya Ujerumani na kuonyeshwa mjini Munich mwaka 1923. Mwaka 1925 ukafunguliwa rasmi katika jumba la makumbusho la mji huo. Ulionyesha nyota zipatazo 4,500, na watu waliouona walistaajabu mno. Lakini ulikuwa na upungufu mmoja ambao naomba msomaji auweke moyoni, maana tutaurudia: uliweza kuonyesha anga la Munich tu. Nyota za kusini, ambazo sisi huziona bila taabu, hazikuwamo. Hapana budi mtambo mwingine uundwe baadaye ndipo anga la dunia nzima likaweza kuonyeshwa.

Barani Afrika, jumba la Johannesburg lilifunguliwa mwaka 1960, na tangu hapo mengine yamejengwa katika nchi kadhaa. Hapa Kenya, jina linalotajwa zaidi ni la Susan Murabana, ambaye pamoja na mumewe, Chu Owen, waliasisi shirika la The Travelling Telescope. Kazi yao kubwa imekuwa kuzungusha darubini mashuleni, pamoja na kuba ya kitambaa inayopulizwa kwa feni hadi ikasimama ndani ya ukumbi au uwanjani. Baadaye walijenga jumba la nyota jijini Nairobi kwa kutumia mianzi. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba elimu hii ni ya Wazungu wenye fedha. Mianzi ni yetu, na mikono iliyoijenga ni ya kwetu.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 480. Serikali imekataza mara kwa mara safari za wanafunzi usiku, na imefanya vyema, kwa maana barabara ile imekwisha kutuliza vya kutosha. Basi shule ya Likoni au ya Majengo ikitaka kwenda Nairobi, itasafiri mchana kutwa, italala, itaona onyesho kesho yake, italala tena, kisha itarudi. Hata wakipanda gari la moshi la Miritini, ambalo tangu mwaka 2017 limefupisha safari hiyo, hawataepuka kulala. Hizo ni siku mbili au tatu za masomo, malazi na chakula, kwa ajili ya onyesho ambalo kwa kawaida halizidi saa moja.

Na ni nani atakayekwenda? Tuseme darasa lina wanafunzi hamsini. Watakaolipa huenda wakawa ishirini. Thelathini watabaki shuleni wakipiga gumzo, na wenzao watakaporudi na picha na hadithi, hawa thelathini watakuwa wamejifunza somo moja tu: kwamba nyota nazo zina wenyewe. Hilo ndilo linalonikera kuliko gharama yenyewe. Anga ndiyo mali pekee ambayo mtoto wa mvuvi na mtoto wa tajiri wamepewa sawasawa. Itakuwa ajabu ya Musa ikiwa shule, ambayo kazi yake ni kuwasawazisha watoto hawa, ndiyo itakayowatoza kiingilio cha kulitazama na kuwaacha nje wasiokuwa nacho.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza ni hili: badala ya kuwapeleka watoto wachache penye kuba, iletwe kuba penye watoto wengi. Kuba ya kupulizwa hubebwa garini. Shule tatu au nne zilizo jirani zikichanga pamoja, gharama ya kumsafirisha mtaalamu mmoja na mtambo wake hugawanyika, na darasa zima huona. Ichaguliwe shule moja ya kisiwani yenye ukumbi mpana, iliyo karibu na Feri, ili wanafunzi wa Likoni wavuke kwa miguu. Mvukaji wa miguu halipi nauli katika kivuko kile. Ni nafasi ngapi katika nchi hii zinazompa mtoto maskini njia ya kuifikia elimu bila ya kulipa? Hii ni mojawapo, na hatujaitumia.

Pendekezo la pili ndilo kubwa zaidi. Majuma sita kabla ya onyesho, wanafunzi waanze kulisoma anga kwa macho yao wenyewe. Najua kuna mwalimu atakayeguna: shule yangu haina darubini. Mwalimu mpendwa, Feri ni darubini tosha.

Tazama maji. Kila anayevuka Likoni anajua kwamba kuna siku feri hutia nanga na mlango wake ukalala sawa na nchi kavu, na kuna siku maji yametoka hata magari yakashuka na kupanda mteremko kwa shida, mengine yakikwaruza tumbo. Watu hulalamika na kulaumu wenye feri. Ni wachache wanaoinua macho wakamlaumu mwenye kosa, yaani mwezi. Ni mwezi, ukisaidiwa na jua, unaovuta bahari hii ikajaa na kupwa mara mbili katika kila muda wa siku moja na dakika hamsini hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, nasi tukapata bamvua, ambapo tofauti baina ya maji makuu na maji ya kupwa hapa Mombasa hupita mita 3. Mwezi unapokuwa nusu, mivuto hiyo hupingana, tukapata maji mafu. Na kwa jinsi bahari yetu ilivyo, siku za bamvua maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano za asubuhi hivi. Wavuvi wetu na akina mama wanaokwenda pwani kutafuta pweza wanayajua haya bila ya kufunguliwa kitabu.

Basi mwanafunzi apewe kazi. Kila siku anapofika Feri, aandike saa, aandike maji yamefika wapi katika mteremko wa kushukia, na usiku aandike umbo la mwezi. Asiyevuka Feri na apewe ngazi za Bandari ya Kale, au ukuta wowote ulio karibu na bahari. Baada ya siku thelathini atakuwa na jedwali lake mwenyewe, na mwalimu atalilinganisha na jedwali la bandari. Mtoto aliyefanya kazi hiyo hatahitaji kukaririshwa kwamba mwezi una nguvu ya mvutano. Ameiona ikiinua feri yenye malori.

Tazama kivuli vilevile. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Kwa ajili hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na tarehe 3 Oktoba. Siku hizo, simamisha fimbo wima kabisa uwanjani. Mwezi Machi, inapokaribia saa sita na nusu mchana, kivuli cha fimbo kitanywea mpaka kitoweke chini yake. Mwezi Oktoba kitatoweka mapema zaidi, kama saa sita na dakika kumi. Mwanafunzi mwerevu atauliza mambo mawili: kwa nini si saa sita kamili, na kwa nini saa hizo mbili hazilingani. Mwalimu asiyejua jibu asione haya. Aliandike swali hilo kwenye karatasi na kuliweka akiba. Hilo ndilo swali la kumpelekea mtaalamu wa jumba la nyota.

Kisha zitazamwe nyota zenyewe. Katika mwezi wa Mei, saa tatu usiku, mtu akisimama mahali peupe kama kwenye bustani ya ufuo ya Mama Ngina, hatua chache kutoka Feri, anaweza akaelekea kusini akaiona ile nyota ya Msalaba, kisha akageuka kaskazini akaziona zile saba ambazo Wazungu huziita Dubu Mkubwa. Mtu wa London hauoni Msalaba huo maisha yake yote asiposafiri. Mtu wa kusini kabisa mwa dunia hazioni zile saba. Sisi tumesimama katikati na tumepewa zote mbili. Nyota moja tu mashuhuri tumenyimwa, nayo ni ile ya ncha ya kaskazini, ambayo kwetu imezama chini ya upeo wa bahari na nchi.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mwenye kupanga ziara. Filamu nyingi zinazoonyeshwa katika majumba ya nyota zimetengenezwa Ulaya na Marekani. Humo mtoto wetu ataambiwa atafute nyota ya kaskazini ili ajue njia. Ataonyeshwa jua linalotambaa chini kwenye upeo wakati wa theluji. Ataelezwa majira manne ambayo hayajui. Atatoka nje aitafute nyota ya kaskazini juu ya paa la nyumba yao, asiione, na atadhani kosa ni lake. Ndiyo maana nilisema tuikumbuke habari ya Munich. Miaka mia moja imepita tangu mtambo ule ulioweza kuonyesha anga la mji mmoja tu. Leo mtambo wa kisasa unaweza kuonyesha anga la mahali popote na usiku wowote. Lakini hauonyeshi usichoulizwa. Mwalimu anapoandika barua ya kuomba nafasi, aandike wazi: tunaomba anga la Mombasa, nyuzi 4 kusini, usiku wa siku ile tutakayokuja. Aombe mtaalamu azungumze mwenyewe badala ya kuacha filamu iseme. Na aombe azungumze kwa Kiswahili.

Hili la Kiswahili halipaswi kuchukuliwa kuwa jambo dogo. Lugha yetu haikuzaliwa jana katika elimu ya anga. Tunayo Zuhura, Mirihi, Mushtarii, Zohali na Utaridi. Tunacho kilimia, kile kishada cha nyota ambacho jina lake lenyewe linatokana na kulima, maana wakulima walikitazama kujua majira ya kutia mbegu. Wazee wakasema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Methali hii ni matokeo ya utafiti. Kilimia huzama pamoja na jua la magharibi mwishoni mwa Aprili hivi, hutoweka majuma kadhaa, kisha huzuka alfajiri mwezi wa Juni. Watu waliotunga maneno hayo walitazama anga miaka mingi, wakalinganisha, wakaweka kanuni. Kama kanuni hiyo ni sahihi kila mwaka au la, hilo ni jambo ambalo darasa linaweza kulipima, na hapo methali itakuwa imegeuka kuwa zoezi la sayansi.

Manahodha nao walikuwa na elimu yao. Kabla ya dira na mitambo ya leo, vyombo vilivyotia nanga katika Bandari ya Kale vilivuka bahari kwa kufuata pepo za kaskazi na kusi na kwa kupima kimo cha nyota. Walitumia kipande cha ubao chenye uzi wa mafundo: uzi ulishikwa kwa meno, ubao ukanyoshwa mbele ya jicho, na kimo cha nyota kikasomwa kwa fundo. Mwaka 1498, Vasco da Gama alipofika Malindi, hakuijua njia ya kuvuka kwenda India. Alipewa rubani, akaondoka tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei akatia nanga Calicut. Wanahistoria wanabishana mpaka leo kuhusu jina la rubani huyo, lakini hawabishani kwamba elimu iliyoivusha safari ile ilikuwa elimu ya bahari hii. Ubao na uzi vinaweza kutengenezwa darasani kwa bei ya kalamu mbili. Na kama mtaani kuna mzee aliyewahi kusafiri kwa jahazi, na aitwe darasani kabla hajaitwa mtaalamu. Akaribishwe kwa heshima na apewe kiti cha mbele, maana naye ni mwalimu.

Na asije mtu akadhani kwamba fungu letu la elimu hii liliishia kwenye majahazi. Kaskazini mwa Malindi, pale Ngomeni, Waitaliano waliweka jukwaa baharini wakarusha kutoka hapo setelaiti ya San Marco 2 mwezi Aprili 1967. Walichagua pwani yetu kwa sababu ya maumbile: karibu na ikweta, mzunguko wa dunia hukisukuma chombo kuelekea mashariki kwa mwendo wa kilomita 1,600 na zaidi kwa saa, na sukumo hilo ni la bure. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wetu, ikarushwa kutoka jukwaa hilohilo setelaiti ya kwanza duniani iliyokusudiwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na ilichangia kuwaonyesha wataalamu kwamba huenda yako mashimo meusi kweli angani. Mtaalamu aliyeiongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 2002. Ni wanafunzi wangapi wa Mombasa wanaoijua habari hii? Kenya imeendelea kujitahidi. Mwaka 2023 setelaiti yetu ya Taifa-1 ilirushwa. Lakini mtoto asiyejua kwamba historia hii ilipita mlangoni pake hataona sababu ya kuiendeleza.

Sasa tuzungumze juu ya siku yenyewe, kwa sababu maandalizi mema huweza kuharibika kwa uzembe wa saa moja.

Jambo la kwanza ni usalama wa kuvuka. Mombasa haijasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu 272 wakapoteza maisha. Hakuna elimu ya nyota inayostahili kununuliwa kwa uzembe majini. Watoto wavuke wakati ambao msongamano wa wafanyakazi umepungua. Wahesabiwe kabla ya kupanda na baada ya kushuka, kwa majina, wala si kwa kukisia vichwa. Asikimbie mtu kwenye mteremko, wala asisimame mtu ukingoni. Kila kundi dogo liwe na mtu mzima anayewajua watoto wake kwa sura. Wazazi waandikiwe mapema saa ya kwenda na ya kurudi, na ofisi ya elimu ijulishwe.

Jambo la pili ni idadi. Kuba ndogo ya kupulizwa huwatosha watoto thelathini au pungufu. Darasa kubwa ligawanywe, na walio nje wasiachwe kuranda. Hao ndio wa kupima kivuli cha fimbo, kutengeneza ubao wa nahodha, na kutazama darubini iliyowekewa kichujio maalumu cha jua ikiwa mtaalamu amekuja nayo. Hapa nisisitize onyo: asitazame mtu jua kwa macho matupu wala kwa darubini isiyo na kichujio. Jicho huungua bila ya kuuma, na likishaungua halirudi.

Jambo la tatu ni wanafunzi wenye mahitaji. Mlango wa kuba ya kupulizwa mara nyingi ni mwembamba na wa kuinamia. Mwenye kiti cha magurudumu, mwenye pumu, na anayeogopa giza lazima wafikiriwe kabla, kwa kumwuliza mtaalamu njia ya kuwaingiza, wala si pale mlangoni mbele ya wenzao. Asiyeona naye asiachwe nje: mtaalamu akieleza vizuri, na mwalimu akiwa amemchongea umbo la Msalaba juu ya ubao kwa misumari, atazijua nyota kwa vidole.

Jambo la nne ni mwalimu mwenyewe. Giza la kuba ni tamu, na baada ya pilkapilka za asubuhi mwalimu hushawishika kusinzia. Asisinzie. Aketi katikati ya wanafunzi, simu yake ikiwa imezimwa kama alivyowaamuru wao, na daftari la maswali likiwa mkononi. Kila mwanafunzi aingie na swali moja alilolitoa katika majuma yake sita. Aulize yeye, kwa kinywa chake. Aliyeingia bila ya swali ameingia sinema.

Jioni ya siku hiyohiyo, na awe nyumbani kwao, asimame uani au darini pamoja na mzazi wake, na aonyeshe nyota tatu alizozijua mchana. Hili ndilo tendo ambalo shule nyingi hulisahau, na ndilo linaloifanya ziara idumu. Mzazi aliyechangia pesa ana haki ya kuonyeshwa alichokinunua. Na kwa kuwa jumba la nyota huleta usiku mchana, watoto hawakuhitaji kusafiri gizani. Usiku wa kweli wataukuta nyumbani, salama, bila ya kiingilio.

Wapo watakaopinga. Watasema picha zote hizi zimo katika simu, na kwamba filamu nzuri inaweza kutazamwa bure. Ni kweli zimo. Lakini simu humwonyesha mtoto nyota zikiwa ndani ya kiganja, ndogo kuliko yeye. Kuba humweka yeye chini ya nyota, katika mahali pake, huku zikisogea kutoka mashariki hadi magharibi juu ya kichwa chake. Kuuelewa mzunguko wa dunia kwa kuuona kwa mwili mzima si sawa na kuusoma. Tena simu haikuulizi ulitazama nini jana.

Wengine watasema shule zetu hazina madawati wala maabara, na kwamba kuzungumzia nyota ni anasa. Hoja hii naiheshimu, maana njaa ya madawati naijua. Lakini nilichokipendekeza kwa majuma sita hakihitaji dawati. Kinahitaji fimbo, uzi, ubao, daftari na mwalimu mwenye ari. Shule itakayoshindwa kabisa kuileta kuba bado itakuwa imefundisha sehemu kubwa ya somo. Na itakayoileta itapata faida maradufu kwa pesa ileile. Lipi ni anasa zaidi: kuwapeleka watoto ishirini Nairobi bila ya maandalizi, au kuwaandaa hamsini hapa nyumbani?

Mwisho niseme na wakubwa wa kaunti, kwa ufupi. Mji uliofundisha vyombo kuvuka bahari kwa nyota haustahili kungoja kuba ya kuazima daima. Kisiwa hiki kina ufuo wa Mama Ngina unaotazama bahari wazi, kina Ngome ya Yesu inayovutia wageni, kina chuo kikuu cha ufundi. Kuba moja ya kudumu, hata ya mianzi, ikiwekwa mahali ambapo mtoto wa Likoni anaweza kuifikia kwa miguu baada ya kushuka feri, ingehudumia Mombasa, Kwale na Kilifi kwa miaka mingi. Hilo lijadiliwe katika bajeti.

Lakini walimu wasiingoje bajeti. Mwezi utaandama mwezi huu kama ulivyoandama mwezi uliopita, na maji ya Feri yatapanda na kushuka saa zake bila ya kumngoja mtu. Kesho asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, mwalimu mmoja na awaambie wanafunzi wake: andikeni maji yamefika wapi. Ziara itakuwa imeanza.